Kuvifuata vita vya 1812 kwa basi na kwa miguu: Bladensburg, Baltimore na mto Niagara

Nimerudi Mombasa, miguu imepungua kuvimba, na daftari langu dogo limekauka baada ya kunyeshewa Baltimore. Haya ninayaandika kwa kulifuata daftari hilo pamoja na picha za simu, kwa hiyo penye pengo mjue siku hiyo nilichoka.

Nimefundisha historia shule za sekondari kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Mapinduzi ya Wamarekani ya 1776 tuliyafundisha kwa mapana, sababu, matukio, matokeo, mwanafunzi akariri, mtihani upite. Ila vita vyao vya pili na Waingereza, vilivyoanza 1812 na kwisha 1815, nilivipa sentensi moja ubaoni nikafuta. Binti yangu anaishi Laurel, jimbo la Maryland, katikati ya Washington na Baltimore. Aliponialika nikawaone wajukuu, nilitazama ramani nikagundua nyumba yake imezungukwa na viwanja vya vita hivyo. Nikamwambia, "Wajukuu nitawaona jioni."

Viza niliilipia dola 185, na usaili ulikuwa Nairobi, kwa hiyo ongeza nauli na kulala.

Jumanne 10 Septemba 2024. Laurel hadi Washington

Treni ya Laurel ni ya wafanyakazi. Asubuhi inawapeleka mjini, jioni inawarudisha. Ukiikosa ya asubuhi umeikosa kweli, na Jumamosi na Jumapili njia hii haina treni kabisa. Nauli haikufika dola 10. Mtu wa tiketi aliponiona nahangaika na mashine aliacha dirisha lake, akaja kunibonyezea mwenyewe, akanirudishia chenji mkononi.

Wengi wakifika Ikulu ya Marekani hupiga picha uzioni wakaondoka. Mimi niligeuka nikaipa mgongo, nikatazama nyumba ya matofali mekundu kwenye kona ya bustani ya Lafayette. Ilikuwa ya Stephen Decatur, kapteni wa jeshi la majini, na kwangu hapo ndipo sababu za vita zinapoanza kueleweka.

Tarehe 22 Juni 1807, nje ya pwani ya Virginia, manowari ya Kiingereza Leopard iliisimamisha meli ya kivita ya Marekani, Chesapeake, ikitaka kuipekua. Ilidai kuna mabaharia waliotoroka jeshi la mfalme. Kapteni James Barron akakataa. Waingereza wakafyatua mizinga, watu watatu wakafa palepale, Barron akashusha bendera, na mabaharia wanne wakachukuliwa. Mmoja, Mwingereza wa kuzaliwa, alinyongwa. Wengine watatu walikuwa Wamarekani. Barron alishtakiwa kijeshi, na miongoni mwa waliomhukumu alikuwemo Decatur. Kinyongo hicho kilikaa miaka 13. Mwaka 1820 Barron alimpiga Decatur risasi katika pambano la watu wawili kule Bladensburg, na Decatur akaja kufia katika nyumba hii niliyokuwa naitazama.

Uingereza ilikuwa inapigana na Napoleon na ilihitaji watu wa kuvuta kamba na kupanda milingoti. Kwa hiyo manowari zake zilisimamisha meli za biashara baharini, zikawapanga mabaharia foleni, zikachukua waliowataka. Makadirio ya Wamarekani waliokwapuliwa namna hiyo ni kati ya 6,000 na 10,000. Juu ya hayo kulikuwa na amri za baraza la mfalme zilizozibana meli za nchi nyingine zisifanye biashara na Ufaransa. Rais Jefferson alijibu kwa kufunga bandari zake mwenyewe mwishoni mwa 1807, dawa iliyomuumiza mgonjwa kuliko ugonjwa. Na bara, magharibi, kulikuwa na ugomvi wa ardhi. Walowezi walikuwa wanawasukuma wenyeji wa asili, na kiongozi wa kabila la Shawnee, Tecumseh, alikuwa anayaunganisha makabila yawazuie. Walowezi walisema bunduki zake zinatoka kwa Waingereza wa Kanada.

Rais Madison alitia saini tangazo la vita tarehe 18 Juni 1812. Kura zilikuwa 79 kwa 49 katika Baraza la Wawakilishi, na 19 kwa 13 katika Seneti. Nikifundisha tena, hizi kura ndizo nitakazoziandika ubaoni. Wenye meli, watu wa New England, majimbo ya kaskazini mashariki, wengi walipinga. Waliopiga kelele zaidi kuhusu mabaharia ni wabunge wa kusini na magharibi, watu wa mashamba, ambao macho yao yalikuwa kwenye ardhi ya Kanada na ya wenyeji. Na siku tano tu baada ya tangazo, London ilizifuta zile amri za biashara. Habari zilikuwa zinasafiri kwa tanga, zikafika watu wameshaanza kupigana.

Chakula cha mchana: wali na kuku wa halali kutoka kwenye gari la barabarani, karibu na makumbusho. Sahani moja inashibisha wawili.

Makumbusho ya Taifa ya Historia ya Marekani hayana kiingilio. Humo, ndani ya chumba chenye giza, imelazwa bendera iliyopepea Baltimore mwaka 1814. Kupiga picha hairuhusiwi. Ni kubwa kuliko sebule ya nyumba yangu, ingawa ncha yake moja imekwisha kwa kukatwakatwa na watu waliotaka kumbukumbu. Kilichonichekesha ni maelezo ya kitambaa: ni sufu ya Kiingereza. Bendera waliyompandishia adui ilikuwa na kitambaa cha adui!

Nilikaa kwenye benchi nikamkumbuka bibi yangu. Kitambaa cheupe kigumu cha pamba yeye alikiita merikani, na mpaka leo Mombasa tunakiita hivyo. Bandari zilipofungwa na vita vikazuia nguo za Uingereza, wafanyabiashara wa Massachusetts walijenga viwanda vyao wenyewe vya pamba. Cha Waltham kilianza wakati wa vita hivyohivyo. Vita vilipokwisha wakatafuta pa kuuzia, meli za Salem zikafika Unguja, na mwaka 1833 Sayyid Said akatia saini mkataba wa biashara na Marekani. Kwa njia hiyo merikani ikaingia sandukuni mwa bibi.

Jumatano 11 Septemba. Bladensburg

Bladensburg leo ni mji mdogo wa barabara kubwa, maduka ya matairi na vibanda vya taco, vile vyakula vya Kimeksiko. Basi liliniacha upande usiofaa wa daraja. Nilitembea robo tatu ya saa chini ya jua kali, njia ya waendao kwa miguu ikikatika kila baada ya hatua mia.

*Ukija huku bila gari, chukua maji. Chupa ndogo niliyoipata njiani ilikuwa dola 2 na nusu, na baada ya hapo sikuona duka hadi mtoni.*

Karibu na mto Anacostia kuna sanamu ya shaba ya watu watatu: Joshua Barney, kamanda wa boti za kivita za Marekani, akiwa amejeruhiwa, askari wa majini, na Mwafrika anayemshika Barney. Huyo ni Charles Ball. Alikuwa mtumwa, akatoroka, akajifanya mtu huru akaingia kwenye kikosi cha boti cha Barney.

Tarehe 24 Agosti 1814 Jenerali Robert Ross alifika hapa na Waingereza kama 4,500, wengi wao wametoka kumpiga Napoleon. Wamarekani walikuwa wengi zaidi, ila ni wanamgambo: wakulima, makarani, wenye maduka. Rais Madison mwenyewe alikuwa karibu juu ya farasi. Walipoona roketi za Waingereza zinapita vichwani wakakimbia, na watu wa Washington wakaziita mbio zile mashindano ya Bladensburg. Barney na mabaharia wake walibaki kilimani na mizinga yao mpaka risasi ikampiga pajani. Ball alikuwa kwenye mzinga karibu naye. Ross alipomkuta Barney pale chini alimtendea kwa heshima, akamwachia.

Nilitaka kuona kilima chenyewe. Sasa ni makaburi ya Fort Lincoln, na kutoka mtoni ni mwendo wa kupanda. Getini mlinzi, kijana wa Haiti, aliniuliza natafuta kaburi la nani. Nikamwambia natafuta mahali pa vita. Akanitazama, akaingia kibandani, akatoka na kiti na chupa ya maji baridi. Nilipokwisha kunywa alinielekeza kwa mkono hadi kwenye kibao, na aliporudi akanikuta bado nasoma, akaniambia mara mbili nisisahau kofia.

Waliosimama upande wa pili nao wanafaa kutajwa. Tarehe 2 Aprili 1814 amiri Cochrane wa Uingereza alikuwa ametoa tangazo: anayetaka kuondoka Marekani apokewe kwenye meli za mfalme, achague jeshi au makazi mapya. Hakutamka neno mtumwa, lakini aliyeambiwa alielewa. Watu kama 4,000 walitoroka mashambani kwa mitumbwi na kwa kuogelea. Wanaume kadhaa walifundishwa uaskari kwenye kisiwa cha Tangier katika ghuba ya Chesapeake, na walipigana hapahapa Bladensburg wakiwa na koti jekundu la Waingereza. Kwa hiyo siku ile, umbali wa risasi, kulikuwa na mtumwa mtoro upande huu na mtumwa mtoro upande ule. Jeshi la majini lililoanzisha ugomvi kwa kuteka mabaharia ndilo lililokuwa linawafungulia hawa mlango. Na waliokuwa wanalalamika kutekwa kwa mabaharia wao walikuwa wanadai warudishiwe watu. Baada ya vita Uingereza ililipa zaidi ya dola milioni moja kama fidia. Fidia hiyo waliipata wenye mashamba.

Wengi wa wale askari walipewa ardhi Trinidad. Wajukuu zao huko wanaitwa Merikins. Sikiliza hilo jina, kisha mkumbuke bibi na sanduku lake.

Usiku wa siku ya vita Waingereza waliingia Washington. Ikulu waliikuta imeandaliwa chakula cha jioni, wakala, kisha wakaichoma. Wakachoma Bunge na vitabu vyake kama 3,000. Kesho yake dhoruba kubwa ikauangukia mji, na usiku wakaondoka.

Alhamisi 12 Septemba

Nilifua, nikalala, nikala biriani ya binti yangu. Jioni mkwe wangu aliniletea viatu vyake vya kukimbilia, akasema vyangu ni vya kwenda harusini.

Ijumaa 13 Septemba. Baltimore

Nilitaka niwe ngomeni tarehe ileile, miaka 210 baada ya mizinga kuanza. Treni ikakwama njiani dakika 50 bila maelezo yenye kueleweka. Kutoka stesheni ya Camden nilitembea hadi bandarini, nikapanda basi la bure la manispaa linalokwenda mpaka lango la Fort McHenry. Bure kabisa! Dereva, mama wa makamo, alimsubiri mzee mmoja mwenye fimbo avuke barabara nzima, na hakuna abiria aliyelalamika.

*Viwanja vya nje vya ngome ni bure. Ndani nililipa dola 15, na tiketi hiyo unaweza kuitumia tena ndani ya siku saba, kwa hiyo usiitupe.*

Mtu aliyekulia karibu na Fort Jesus akiiona Fort McHenry anaweza kusema, ni hii tu? Ngome yetu ni ya mawe ya matumbawe na kuta zinazokufanya uinamishe shingo nyuma kutazama. Hii ni ya matofali, fupi, imejificha ardhini, umbo la nyota ya pembe tano. Kumbe ndiyo siri yake. Ukuta mrefu ni shabaha, na huu uliovaa majani adui baharini haoni pa kupiga.

Baltimore iliwakera Waingereza kuliko Washington. Mji ule ulijaa meli za watu binafsi zilizopewa kibali cha serikali kuteka meli za adui, na mabaharia wake walikuwa wameisumbua biashara ya Kiingereza mpaka karibu na visiwa vyake vyenyewe. Tarehe 12 Septemba 1814 Ross aliteremsha jeshi North Point, na kabla vita kukolea akapigwa risasi akafa. Mwili wake ulihifadhiwa ndani ya pipa la ramu hadi ulipozikwa Halifax, Kanada. Niliposimuliwa hili na mzee aliyevaa sare ya 1814 nilisema astaghfirullah kwa sauti, naye akacheka ingawa hakuelewa.

Kesho yake meli zikaanza kupiga ngome zikiwa mbali, zaidi ya maili mbili, mahali mizinga ya kamanda wa ngome, Meja George Armistead, isipofika. Saa 25, makombora kati ya 1,500 na 1,800. Ndani walikaa watu kama 1,000 kwenye mvua, wakingoja. Kombora moja lilitua kwenye ghala la baruti, lisilipuke. Waliokufa ngomeni ni wanne. Pia yupo William Williams. Jina lake la utumwa lilikuwa Frederick Hall. Alitoroka shamba Maryland, akaandikishwa katika kikosi cha 38 cha miguu, na mguu wake ukakatwa na kombora. Hakupona. Sheria haikuruhusu mtumwa kuandikishwa, ila aliyemwandikisha hakuuliza sana.

Asubuhi ya tarehe 14 meli zikaondoka, na ile bendera kubwa ikapandishwa. Ilishonwa mjini humo na Mary Pickersgill pamoja na binti yake na ndugu zake, na msichana mweusi wa miaka 13 aliyekuwa mwanagenzi nyumbani, Grace Wisher. Risiti ni dola 405 na senti 90. Wakili aliyekuwa amezuiliwa kwenye meli aliiona alfajiri akaandika shairi, na shairi hilo ndilo wimbo wa taifa wa Marekani leo.

Saa nane mvua ikaniangukia, daftari likalowa. Nilikuwa nimeulizia msikiti wa karibu asubuhi, lakini ule ucheleweshaji wa treni ulishanikosesha Ijumaa. Nikasali adhuhuri kwenye nyasi kando ya ukuta, chini ya mti. Mlinzi wa hifadhi alipita, akasimama mbali akiwazuia watoto wa shule wasinipite mbele hadi nilipotoa salamu. Kisha akainua kofia, akaenda zake.

Samaki wa kukaanga na chipsi bandarini: dola 19. Changu mzima Forodhani... basi, tuyaache.

Jumapili 15 hadi Jumatatu 16 Septemba. Basi la usiku hadi Buffalo

Vita hivi havikuanzia Washington. Vilianzia kwenye maziwa, mpakani na Kanada, na nilitaka kuuona ule mto. Ndege ilikuwa ghali, nikakata tiketi ya basi kupitia New York kwa dola 94. Nyumbani Mombasa walikuwa wanajiandaa na Maulidi, nami niko kwenye kituo cha basi New York usiku, basi limechelewa saa tatu, ubao unasema "kwa wakati".

Viti vyote vya kuchaji simu vilikuwa vibovu. Simu yangu ilikuwa na asilimia 6. Mwanamke mmoja aliyebeba mtoto akaniona natazama ile namba, akatoa chaja yake ya mfukoni, akaniambia niishike mpaka basi lije. Basi lilipokuja alikuwa anapanda lake la upande mwingine. Nikamkimbilia kuirudisha, akanipungia mkono kwamba nikae nayo. Ninayo hadi leo.

*Kwenye basi hizi vaeni koti hata kama nje ni joto. Kiyoyozi hakina huruma.*

Tulifika Buffalo saa tano asubuhi. Tarehe 30 Desemba 1813 Waingereza waliuchoma mji huu mpaka zikabaki nyumba za kuhesabu kwa vidole, mojawapo ya mwanamke mjane, Margaret St. John. Nilikuwa nimesimama nje ya kituo najaribu kuipata nyumba ya kulala wageni kwenye ramani, nikasema peke yangu kwa Kiswahili, "Sasa hii njia iko wapi?" Nyuma yangu mtu akasema, "Mzee, uko natoka wapi?"

Ni baba wa miaka 40 na kitu, wa Bukavu, ameishi Buffalo miaka tisa. Buffalo ina Wakongo wengi, Warundi pia, waliofika kama wakimbizi. Alikuwa amemleta jamaa yake kituoni. Hakuuliza zaidi, alichukua begi langu. Jioni ile nilikula kwao bugali na sombe, yaani kisamvu, na samaki mkavu, mkewe akicheka kila nikisema "tafadhali". "Kiswahili ya Mombasa iko kama ya kitabu," aliwaambia watoto.

Alipojua nimekuja kutazama vita vya zamani alinyamaza kidogo. Kisha akasema kesho hana kazi, atanipeleka.

Jumanne 17 Septemba. Lewiston na Fort Niagara

*Kutoka Buffalo hadi maporomoko kuna basi, nauli ilikuwa dola 2. Lakini kufika Youngstown, iliko Fort Niagara, basi sikulipata. Panga gari au mtu mwema.*

Tulianzia Lewiston. Ng'ambo ya mto, juu ya kilima cha Queenston, unaiona nguzo ndefu ya Jenerali Isaac Brock wa Waingereza. Alishaiteka Detroit pamoja na Tecumseh mwezi Agosti 1812, mji ukasalimishwa karibu bila vita. Tarehe 13 Oktoba Wamarekani walivuka hapa kwa boti, Brock akauawa akipanda kilima, na ushindi ulikuwa karibu. Ila maelfu ya wanamgambo wa New York waliobaki ng'ambo hii walikataa kuvuka: wao ni wa kulinda jimbo lao, sheria haiwalazimishi kupigana nchi ya watu. Waliokwishavuka wakatekwa mamia kwa mamia.

Mimi nami sikuvuka. Viza ya Kanada sikuwa nayo. Nilisimama pale waliposimama wanamgambo, na sababu yangu ni ya kisheria vilevile.

Katika jeshi la Brock upande ule kulikuwa na kikosi cha watu weusi. Aliyeomba kiundwe ni Richard Pierpoint, mzaliwa wa Bondu huko Senegali, aliyetekwa akiwa kijana akauzwa Marekani. Alipata uhuru wake akipigana upande wa Waingereza katika vita vya kwanza, na kwenye hivi vya pili alikuwa mzee wa karibu miaka 70. Mwenyeji wangu alirudia hiyo: "Miaka 70?" Nikamwambia ndiyo.

Mwaka wa pili vita vikawa vya kuchomeana nyumba. Aprili 1813 Wamarekani waliteka York, ambayo leo ni Toronto, na majengo ya bunge yakaungua. Desemba 10 Jenerali McClure wa wanamgambo wa Marekani alichoma kijiji cha Newark upande wa Kanada, wanawake na watoto wakatolewa kwenye theluji. Siku tisa baadaye Waingereza walivuka usiku, wakapata neno la siri kutoka kwa walinzi waliowakamata, wakaingia Fort Niagara kwa bayoneti. Kamanda wa ngome hakuwemo, alikuwa nyumbani kwake. Wamarekani zaidi ya 60 waliuawa. Asubuhi ile Lewiston ikachomwa, kisha Buffalo. Washington mwaka uliofuata iko kwenye hesabu hiyohiyo.

Lewiston kuna sanamu ya wenyeji wa asili wa kabila la Tuscarora wakimsaidia mama mwenye mtoto. Walikuwa wachache, walikaa juu ya kilima, walipoona kijiji kinaungua wakateremka na kelele nyingi ili Waingereza wadhani ni jeshi kubwa, wakaazi wakapata nafasi ya kukimbia. Sanamu iliwekwa 2013, miaka 200 baadaye. Mkongo yule aliizunguka mara tatu. Alitaka kumpiga picha yule mama, akashindwa kuipata pembe aliyoitaka, akairudisha simu mfukoni.

Fort Niagara kiingilio kilikuwa karibu dola 20 kila mtu, akakataa kabisa nimlipie mpaka nikamwambia ni adabu ya mgeni wa pwani. Jengo kubwa ndani yake lilijengwa na Wafaransa mwaka 1726. Ngome inapaa juu ya ziwa Ontario kama Fort Jesus juu ya bahari, na upepo ni uleule wa kukupokonya kofia. Waingereza waliikalia hadi Mei 1815. Mkataba wa amani ulishatiwa saini Ghent, huko Ulaya, tarehe 24 Desemba 1814, na habari zilichelewa tena. Kule New Orleans, kusini mwa Marekani, watu wapatao 2,000 wa upande wa Waingereza waliuawa, kujeruhiwa au kutekwa tarehe 8 Januari 1815 wakati wino wa amani umekauka wiki mbili. Mkataba ulirudisha mipaka ilivyokuwa. Kuhusu mabaharia kutekwa, haukusema neno. Tecumseh alikuwa ameshauawa Oktoba 1813, na nchi aliyoitaka kwa watu wake haikupatikana tena.

Kwenye duka la ngome kulikuwa na ramani ya maziwa makuu. Nilikuwa naitazama tu, nikaona kwenye ziwa Huron ghuba na mji: Owen Sound. Nikasimama. Kwetu Mombasa kila aliyefundisha historia anamjua Owen, kapteni aliyepandisha bendera ya Uingereza mwaka 1824 kwa maombi ya Mazrui waliokuwa wanamkimbia Sayyid Said. Alikubali kwa sharti biashara ya watumwa ikomeshwe. Usiku nikasoma kwenye simu hadi chaja ya yule mama ikaisha. Ni yeye. William Fitzwilliam Owen aliletwa huku 1815, vita vimekwisha, kuyapima maziwa haya kwa ajili ya jeshi la majini, na ghuba ile ina jina la kaka yake mkubwa, Edward, aliyekuwa mkuu wa majini huku. Alipomaliza Kanada wakamtuma kupima pwani ya Afrika.

Jumatano 18 Septemba. Maporomoko, na kurudi

Ukiingia kwa miguu hifadhi ya maporomoko ni bure. Boti sikupanda. Nililowa vya kutosha nikiwa juu, nikanunua mahindi ya kuchemsha, nikatazama Kanada ikiwaka jua. Basi la kurudi liliondoka kwa wakati, na sina zaidi la kusema juu yake.

Mombasa tulitua jioni. Mtoto wa ndugu yangu alikuwa amechelewa kunipokea, nikatoka na mabegi hadi barabarani. Owen alipoondoka Mombasa alimwacha luteni wake awe mkuu, kijana aliyeitwa John James Reitz, akafa kwa homa Mei mwaka huohuo wa 1824. Matatu ikasimama mbele yangu, utingo akaning'inia mlangoni, "Port Reitz, Port Reitz, mzee! Beba?"